Mlima Wenye Mzinga

Mashariki ya Paris, huko Marne-la-Vallée, kuna bustani ya burudani ambayo mchana ni mali ya watu na usiku ni mali ya wanyama. Mgeni wa mwisho akishatoka na mageti kufungwa, sungura hujitokeza vichakani kula majani, paka huteremka kutoka walikojificha, mbweha hupenya chini ya uzio, na bundi hushika zamu. Wanyama hao wana baraza lao. Baraza lina mwenyekiti, na mwenyekiti wa msimu ule alikuwa Kunguru. Alichaguliwa kwa sababu siku ya uchaguzi wajumbe wengi walikuwa wamesinzia, na sauti yake ndiyo iliyowaamsha.

Usiku huo ajenda ilikuwa moja tu: Mlima.

Mlima wenyewe si wa mawe. Ni kuba kubwa lenye mzinga mrefu ulioegemezwa ubavuni, mdomo ukielekea angani. Ndani ya kuba mna rolakosta, yaani reli zinazopanda, kuporomoka na kujipinda gizani, na treni iliyojaa watu waliokwenda kutafuta hofu kwa hiari yao. Rolakosta nyingi huanza kwa kuvutwa polepole kwa mnyororo hadi kileleni. Hii sivyo. Treni huingia kitakoni mwa mzinga, husimama kidogo, kisha hufyatuliwa kwa nguvu kwenda juu. Abiria huona anga kwa kufumba na kufumbua, halafu giza la kuba huwameza, na humo hupinduliwa kichwa chini miguu juu mara tatu. Watu huuita Space Mountain.

"Wajumbe," alianza Kunguru, "tusifichane. Mlima umezeeka. Ulifunguliwa tarehe 1 Juni 1995. Walioupanda wakiwa watoto sasa wanakuja na watoto wao, na watoto hao hawataki mambo ya kale. Napendekeza tuuvishe kisa kipya." Akafunua bawa na kutoa karatasi ya peremende iliyong'aa, aliyoiokota kwenye pipa la taka karibu na lango. Ilikuwa na picha ya shujaa wa filamu aliyevaa joho. "Huyu hapa. Kila mtoto anamjua."

"Anaitwa nani?" aliuliza Bata.

Kunguru aliigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Jina lipo," alisema. "Kamati italitaja."

Panya mmoja, aliyevuka uwanja kutoka bustani ya pili iliyo jirani, aliomba nafasi kwa kuwa kwao jambo hilo lilishafanyika. Walikuwa na rolakosta yao iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa muziki wa kundi la Aerosmith, na kila treni ilikuwa na nyimbo zake na taa zake. Septemba 2019 ikafungwa. Julai 2022 ikafunguliwa kwa jina la Avengers Assemble: Flight Force, mwenyeji akiwa Iron Man. "Reli ni zilezile," alisema Panya. "Kona ni zilezile. Kilichobadilika ni unachoambiwa kabla ya kupanda na unachooneshwa ukiwa mbioni. Wapo wanaoipenda, siwapingi. Ila zamani mwili ulikuwa ukicheza ngoma, kona inakuja na mdundo wake. Siku hizi unaambiwa unaokoa dunia, na kona hazina habari na hilo."

Kunguru alimshukuru na kuagiza maneno yake yaandikwe kuwa ya kuunga mkono.

Hapo Babu Bundi akafungua macho. Wajumbe wakanyamaza, wengine kwa heshima, wengine kwa kuwa walijua atachukua muda.

"Kunguru, mjukuu wangu, Mlima huu umeshabadilishwa kanzu mara mbili, na wewe hukuwepo hata moja," alisema. "Bustani hii ilifunguliwa Aprili 1992 ikiitwa Euro Disney. Watu hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, madeni yakapanda, na kufika mwaka 1994 ilikuwa inazungumzwa habari ya kufunga. Akaja Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudia na fedha zake, wenye benki wakalegeza kamba, lakini fedha pekee haziwaleti watu bustanini. Kilichowaleta ni Mlima. Mwaka huohuo ulipofunguliwa, kampuni ikapata faida ya mwaka kwa mara ya kwanza. Sasa jiulizeni ulikuwa na kitu gani. Rolakosta zenye kasi ziko nyingi duniani. Huu ulikuwa na kisa chake."

Akawasimulia. Waliosanifu sehemu ile ya bustani hawakutaka kuleta roketi za Marekani katika nchi ya Ufaransa na kuziita za baadaye. Walimtafuta mwenyeji. Jules Verne, mzaliwa wa Nantes wa mwaka 1828, alikuwa ameandika mwaka 1865 kisa cha safari ya kutoka duniani hadi mwezini. Katika kisa hicho mabwana wa klabu ya mizinga ya Baltimore, vita vimekwisha na mizinga yao haina kazi, wanaamua kuunda mzinga mkubwa kuliko yote, Columbiad, wafyatue kombora hadi mwezini, na baadaye wanatia watu ndani yake. Mzinga uliokuwa wa kuua ukawa wa kusafiria. Wasanifu walipoujenga Mlima wakaupa mzinga huohuo, na abiria wakawa wale mabwana. Gizani mlikuwa na vimondo, na ukipanda juu kabisa ulikutana na Mwezi wenye uso, ukitabasamu kwa namna ya ule wa filamu ya Georges Méliès ya mwaka 1902.

"Hata jina walilolikusudia mwanzo, Discovery Mountain, halikufutika lote," aliongeza Bundi. "Herufi D na M ziko pale kwenye jengo. Atakaye aende akaone."

Mwaka 2005, ambao kwa bahati ulitimiza miaka mia moja tangu Verne afariki kule Amiens, Mwezi ukaondolewa. Kisa kikaitwa Mission 2, safari ikasogezwa mbali hadi kwenye nyota inayolipuka, na muziki ukawa mpya. Mei 2017 kikaja kisa cha Star Wars, vyombo vya vita vikifukuzana kati ya nyota, jina likawa Hyperspace Mountain. Kilitangazwa kuwa cha muda. Muda huo ukanyooka.

Naomba nami niweke neno langu hapa, maana msimulizi naye ni mtu. Naamini Babu Bundi alikuwa na haki, ila si kwa sababu kisa cha kwanza kilikuwa cha kwanza. Ukongwe hautoshi kumtetea mtu wala mlima. Nampa haki kwa sababu kisa kile na reli zile vilizaliwa pamoja, na ukikitoa kimoja, kingine kinabaki kikifanya mambo ambayo hakuna anayeweza kuyaeleza. Wanaosema kisa ni rangi ya juu tu hawajawahi kumtazama mtoto akishuka kwenye treni, akimsimulia mamaye alikokwenda.

Baraza lilikuwa limeanza kuelemea upande wa Bundi, na wengine wakipiga kelele, "Mwezi urudi! Mwezi urudi!" Ndipo Kindi akarukia juu ya mgongo wa benchi, mkia umesimama.

"Sikubali!" alisema. "Babu, hekaya yako umeikata. Sema kilichompata kindi."

Bundi akajikohoza.

"Sema, Babu."

Ikabidi aseme. Katika kitabu hicho, kabla ya kumfyatua binadamu, mabwana wale walitaka kujua kama kiumbe hai ataweza kustahimili mshindo. Wakachukua kombora, wakatia ndani paka mkubwa pamoja na kindi aliyekuwa kipenzi cha katibu wao, Maston. Kombora likaruka juu, likatumbukia baharini, likaopolewa. Walipofungua, paka alitoka mzima akiwa na michubuko kidogo tu. Kindi hakuonekana. Paka alikuwa amemla njiani.

Paka waliokuwa barazani wakatazama kando.

"Umenisikia, mwenyekiti?" alisema Kindi. "Mnataka kurudisha kisa ambacho ndani yake sisi ni chakula cha safari. Mnasema ni urithi. Wa nani? Kama kisa kinamuumiza mjumbe mmoja, kiondoke, aletwe huyo mwenye joho, mradi hajala kindi."

Kunguru alichangamka. Hakuwa amelifikiria jambo hilo hata kidogo, lakini alipoona linamfaa akalishika kwa makucha yote mawili. Akasema baraza haliwezi kuvumilia maumivu ya mjumbe wake, na akataka kura ipigwe papo hapo.

"Bado," ilisikika sauti kutoka nyuma. Alikuwa Sungura. Wajumbe wakashangaa, kwani Sungura alikuwa na desturi ya kusema mapema, akapata alichokitaka na kwenda zake. Safari hii alikuja mbele taratibu.

"Nina binamu Marekani," alisema. "Hakwenda kwa hiari. Alivuka bahari midomoni mwa watu waliokamatwa Afrika na kufungwa minyororo. Walinyang'anywa ardhi, majina na watoto, lakini hekaya za mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili hakuna aliyeweza kuwapekua akazipata. Huko mashambani zikapata maana kali zaidi, kwa sababu kila aliyeketi kusikiliza alijua mbweha wa hadithi ni nani na sungura ni nani. Huko binamu yangu aliitwa Brer Rabbit.

"Mwisho wa mwaka 1880 mwandishi wa gazeti wa Atlanta, Mzungu, Joel Chandler Harris, akazichapa hekaya hizo kitabuni. Akazitia kinywani mwa mzee aliyemwita Remus, Mweusi aliyeishi kwa kuridhika shambani, akimsimulia mtoto wa Kizungu. Mwaka 1946 Walt Disney akazitengenezea filamu, Song of the South. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikapinga wakati uleule, kikasema filamu inayapamba maisha ya dhuluma. James Baskett, aliyeigiza Remus, hakuhudhuria uzinduzi wake Atlanta, kwa kuwa mji ule ulikuwa wa ubaguzi. Filamu ni yake, uso ni wake, na mlango si wake.

"Mwaka 1989, California, wakamchukua binamu yangu na wenzake kutoka filamu hiyo, wakamwacha Remus nje, wakajenga Splash Mountain: magogo yanaelea, yanapita mapangoni, mwisho yanaporomoka majini. Watoto walikipenda sana kivutio hicho. Walikuwa hawajui kilikotoka. Mwaka 2023 kikafungwa kule Marekani, na mwaka 2024 kikarudi kwa jina la Tiana's Bayou Adventure, kisa cha yule binti mpishi wa New Orleans, Mweusi wa kwanza kuwa binti wa kifalme katika filamu za Disney. Mlima ni uleule, maji ni yaleyale."

Sungura akanyamaza kidogo. Masikio yalikuwa yamelala mgongoni.

"Mkiniuliza, niliumia na nikakubali. Niliumia kwa kuwa binamu yangu hakuwa na kosa. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya wale watu, na alitupwa pamoja na tusi lililobandikwa juu yake. Nilikubali kwa kuwa tusi lile lilikuwa limeshikamana naye kiasi cha kutobanduka kwa kuchongachonga. Filamu ilimfanya aliyeonewa aonekane anafurahi. Kisa cha namna hiyo hakiponi, kinaondolewa. Aliyeketi miaka yote akikicheka bila kujua hakutenda dhambi, lakini akishajua, hana ruhusa ya kuomba kirudi kwa sababu tu alikuwa mtoto wakati ule.

"Sasa nakuja kwako, Kindi, ndugu yangu. Ulichosema si kidogo, sitakuambia unyamaze. Lakini tazama kitabu chenyewe kinasema nini. Hakisemi kindi alipenda kuliwa. Maston alimhuzunikia, akataka aandikwe miongoni mwa waliofia sayansi. Kisa hicho kinakiri kuwa wakubwa walimtia mdogo kombora moja na paka bila kumuuliza. Huko ni kusema kweli, na palipo na kweli mtu anaweza kuendeleza kisa. Unaweza kudai sehemu yako inayofuata."

Kindi hakujibu, ila alishuka kwenye mgongo wa benchi akakaa.

Kunguru aliona kura inamponyoka. Akasema haya yote ni ya kale, na akaomba wasikilizwe vijana, akamwita Kifaranga wa Bata, aliyeanguliwa masika yale tu. Kifaranga alisema kwa furaha kwamba Star Wars anaipenda. Taa zinamulika, ngoma zinalia hadi zinasikika bwawani, na yeye na nduguze hucheza vita vya nyota kila jioni. Kunguru akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Lakini nina swali," alisema Kifaranga. "Vile vyombo vya nyota vinaruka vyenyewe. Mbona vinatoka kwenye mzinga?"

Hakuna aliyejibu. Kunguru alisema mzinga ni pambo, na pambo linaweza kuondolewa kamati ikiamua.

"Haliondoki," alisema Mbweha.

Mbweha huyu alikuwa hapewi nafasi barazani kwa sababu ananuka grisi. Kila usiku huwafuata mafundi ndani ya kuba, hulala chini ya ngazi zao na kula mabaki ya mikate yao, na kwa njia hiyo amejifunza mengi kuliko wajumbe wote. Bundi akasogea pembeni kumpisha, na Mbweha akaeleza alichokijua.

Ndani ya mzinga mna kifaa kinachoikamata treni kwa nyuma, kimefungwa kwenye waya mnene, na waya huvutwa na mashine yenye nguvu. Hicho ndicho kinachoirusha treni juu. Ukiung'oa mzinga, treni itabaki kitakoni na watu wake. Kisa chochote kitakacholetwa, kitapita humo, kitake kisitake.

"Lakini hilo si lililonileta," alisema. "Mnajadili Mlima uvae nini. Mimi nataka kuwaambia unakoumwa. Gurudumu la treni hii limezungushiwa plastiki ngumu, na kazi yake ni kubanwa na chuma kutwa nzima. Likiliwa upande mmoja linafanya bapa. Bapa hiyo huwezi kuiona ukiwa mbali. Lakini abiria anaisikia, inapanda kutoka kwenye kiti hadi mgongoni, na kutoka mgongoni hadi shingoni. Zamani walikuwa na vyuma vigumu vya mabega, na nimewaona watu wakishuka wameshika masikio. Vikaja vizibao laini, wakapata nafuu. Gurudumu ni lazima libadilishwe lingali linaonekana zima. Reli nazo, kila usiku fundi huzipitia kwa miguu. Huweka tochi mdomoni, hupitisha kiganja juu ya chuma kutafuta mkwaruzo. Kila nati ina mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bamba. Vipande viwili vya mstari huo vikiachana hata kidogo, nati imegeuka, na fundi halali. Msidhani filamu mpya inakaza nati."

"Ni kweli tupu," alidakia Bata Bukini, aliyekuwa ametua kupumzika njiani kutoka Uingereza. "Kule Staffordshire, Alton Towers, iko Nemesis ya mwaka 1994. Hawakuruhusiwa kujenga juu kupita miti, basi wakachimba shimo na kuitia humo, na zimwi lao likakaa juu yake. Ilipochoka, Novemba 2022 waliifunga, wakang'oa karibu reli zote, wakaweka mpya zinazofuata njia ileile, kona kwa kona. Machi 2024 ikafunguliwa, Nemesis Reborn. Waliongeza maneno ya hapa na pale kwenye kisa, lakini zimwi ni lilelile. Mtu mzima anayepanda leo anaweza kumwambia mwanawe kona inayofuata kabla haijafika."

Kunguru alipendekeza kwamba, wakati mambo ya reli yakiendelea kuchunguzwa, angalau kuba lipakwe rangi. Mbweha akamuuliza rangi hiyo italipiwa na fedha ipi. Ikadhihirika ni ileile ya magurudumu.

Hapo hasira ikapanda hata kwa wapole. Bibi Kalunguyeye, ambaye katika mabaraza yote alikuwa hajawahi kusema neno, alijikunjua akauliza kama mwenyekiti amewahi kupanda Mlima. Kunguru alijibu kuwa yeye huupita kwa juu kila siku.

Kura zikapigwa, mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mbweha: msimu wa baridi, wageni wakipungua, Mlima ufungwe, na kabla ya kalamu yoyote kushikwa, magurudumu yatazamwe, na reli, na waya wa mzinga, na fedha ianzie huko. Ilipita, na Kunguru peke yake alijizuia kupiga.

Ya pili ilikuwa ya Kifaranga, ingawa aliandikiwa na Sungura. Ilisema kila atakayeleta kisa, cha zamani au kipya, kwanza aeleze mzinga ni wa nini, nani ameingia humo, na anakwenda wapi. Asiyeweza kueleza arudi nacho nyumbani. Kunguru akatakiwa awe wa kwanza, amweleze mwenye joho. Aliinua ile karatasi ya peremende, akaitazama mbele na nyuma. Nyuma paliandikwa bei na tarehe ya kuharibika.

Bundi akataka Mwezi wake upitishwe moja kwa moja bila kuulizwa. Wakamkatalia naye. Sungura alimwambia kwa adabu, "Babu, kisa chako kinajibu maswali yote matatu, hakina haja ya kuogopa mtihani. Lakini waliozaliwa baada yake wana haki ya kukisikia kwanza kabla ya kuambiwa wakitamani." Bundi alikubali kukisimulia kuanzia kesho, usiku hadi usiku, kitabu kizima pamoja na yaliyofuata, na Kifaranga akaahidiwa nafasi ya mbele.

Ikabaki nani aandike rasimu ya kisa kitakachorudi na Mwezi, kwa ajili ya watoto wa sasa. Baraza likamteua Sungura, na Sungura akamtaka Kindi wafanye pamoja. Kindi alifikiri, akatoa sharti moja: kindi awemo ndani ya kombora, awe ndiye anayejua njia, na paka apewe kiti cha nyuma akiwa amefungwa mkanda. Paka walinong'onezana kwa muda, wakauliza kama kiti hicho kina dirisha. Walipohakikishiwa kuwa kinalo, wakatia saini.